Mbegu za Epinari Ulizoniomba

Mpendwa mulamu, wifi yangu Mwadi,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali. Hii haianzi hivyo, kwa maana hali yako nimeshaisikia kwa Tata Shabani mwenye kamio ya kubeba mizigo. Ameniambia uko mzima huko Dilolo, umepata kipande cha ardhi karibu na maji, na watu wa reli wanatafuta epinari, ile spinachi ya kizungu, hawaipati. Ameniambia pia ulimshika mkono ukamwambia: "Tata, ukifika Kolwezi, uniombee mbegu ya epinari kwa ule mulamu yangu. Ye njo anajuaka kuichunga."

Eti ule mulamu yangu! Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, kicheko kimekwisha.

Najua hujui kusoma. Ndiyo maana nimeandika Kiswahili cha kitabu, kile masista walichonifundisha kule Kongolo, ili atakayekusomea asikwame. Bahasha sikuifunga. Nimemwomba Tata Shabani akusomee mchana, sokoni, mbele ya mama wote wanaopanga mboga pamoja nawe. Tata, soma polepole, usiruke hata neno moja, hata yale yatakayokugusa wewe mwenyewe. Na wewe Mwadi, ukitaka kuondoka, ondoka. Lakini habari ya mbegu iko mwishoni.

Unakumbuka siku niliyoshuka kwenye treni nikiwa bibi arusi wa kaka yako Kasongo? Nilikuwa na sanduku moja la bati na aibu tele. Yeye alikuwa zamu kwenye karakana ya kompani, kwa hiyo wewe, dada yake, ndiwe uliyekuja kunipokea. Ulininyang'anya sanduku ukajitwika kichwani, ukasema, "Bibi arusi habebake kitu. Kesho utabeba mpaka utachoka." Nikakupenda palepale. Sioni haja ya kuficha, hata leo. Sikuzaliwa na dada tumbo moja, na kwa miaka ile yote dada yangu ulikuwa wewe.

Kesho yake ulinipeleka kwenye shamba la kaka yako, kule bondeni, njia ya Nzilo. Watu wa bonde zima walikuwa wanalima lengalenga, mchicha wetu wa hapa, na matembele. Sisi tukaanza epinari kwa sababu ya yule jeran, msimamizi wa kantini ya kompani, aliyesema wageni wake lengalenga hawaijui, wanataka epinari, na atachukua yote tutakayokuza. Alikuwa na sharti lake: akikuta jani moja lenye doa, harudishi jani, anarudisha gunia zima. Basi tukawa tunapanda mvua zikiisha, wakati wa baridi, maana jua kali epinari hailitaki. Ulikuwa unashika arozwari moja ya kumwagilia, mimi nyingine, tunashuka mtoni tukisukumana kama watoto, na maji yanatumwagikia miguuni.

Na unakumbuka asubuhi zetu? Mimi nikifika tu shambani, kabla ya kushika kitu kingine, nilikuwa napiga magoti kwenye tuta nageuza majani. Ugonjwa wa epinari ni mnafiki. Juu ya jani unajionyesha kama doa la njano tu, mtu akiona anadhani mmea una njaa ya mbolea. Mambo yako chini: ukungu wa rangi ya majivu, laini kama manyoya ya panya mchanga. Ukiuona leo kwenye majani mawili ukapita, utaukuta kwenye tuta, na baada ya hapo ni afadhali upande kitu kingine. Nilikuwa nayang'oa yale majani, nayatia kwenye sufuria kuukuu yenye kifuniko, nakwenda kuyachoma mbali na shamba.

Ulikuwa unanicheka! "Mulamu, weye unapekuaka majani sawa unatafuta chawa mu kichwa ya mutoto!" Halafu unapiga magoti upande wa pili wa tuta, unapekua na wewe. Ukipata doa unaniita kwa sauti ya masihara, "Njoo, dokita, mugonjwa yako ni huyu." Nilikuwa nakuja. Tunainamisha vichwa viwili juu ya jani moja.

Siku moja nilikukuta unamwagilia jioni, maji yanatoka juu yanalowesha majani, nikakukaripia mbele ya watu. Nilikuambia jani likilala na maji usiku wa baridi, linaamka na ukungu. Maji ni ya asubuhi, na ni ya mizizi. Ulininunia. Hukunijibu hata salamu. Kisha ukaja na mikate ya moto kwenye sahani, umeikaanga mwenyewe, ukaisukuma mbele yangu: "Kula, dokita ya majani. Nimesikia." Ulikuwa umesikia kweli. Nataka mama wa Dilolo wajue hivyo. Hukuharibu kwa kutojua.

Kaka yako alikufa kwa kifua, katikati ya baridi, epinari ikiwa imesimama vizuri na kamio ya kantini inapita kila mara. Nikawekwa kwenye mkeka. Mama wakubwa wa kwenu wakaniambia desturi: mujane ambaye hajatolewa matanga hakanyagi shamba lenye mimea inayokua, kwa maana miguu yake ina baridi ya maiti na mimea itaishika. Sikubisha. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana hata na nzi. Na moyoni nilijiambia, shamba liko mikononi mwa Mwadi, kwa nini nihangaike?

Siku moja ulipita mbele yangu kuelekea kisimani, nikakuuliza, "Mwadi, unageuzaka majani?" Ulinijibu bila kusimama: "Mulamu, lia marehemu yako. Majani iko na mutu ya kuangalia."

Baadaye nikaanza kunusa. Ulikuwa unarudi jua linazama, kikwembe chako kimelowa mpaka magotini, kinanuka udongo mbichi. Nikajua. Ulitaka kamio ikija asubuhi ikute majani yamesimama, yanang'aa matone, mafungu yawe mazito mkononi. Nikakuambia tena yale maneno ya maji na usiku wa baridi. Safari hii ulinijibu mbele ya shangazi zako: "Muangalie mwanamuke huyu. Bwana yake hajapoa mu udongo, ye anawaza mboga." Wakaguna wote. Nikafunika kichwa changu kwa kitambaa cheusi cha ujane.

Ukungu ukaingia. Ungeingiaje usiingie? Kamio ikarudisha magunia, ikarudisha tena. Bado kulikuwa na dawa, Mwadi, dawa ya bure: kung'oa na kuchoma. Tuta moja lingekufa, mengine yangepona. Badala yake ukaenda kumleta yule bwana mwenye mfuko wa mizizi.

Mimi sikuwepo, lakini waliokuwepo walinisimulia. Akataka ndoo ya maji. Akataka kitita cha majani cha kunyunyizia, na akasema dawa lazima ifahamu harufu ya mmea wenyewe, kwa hiyo kitita kitoke humohumo shambani. Wewe ukaenda kukikata. Ukakikata wapi? Kwenye tuta la kona ya mtoni, lile lililokuwa limeoza kwa ukungu. Akachovya, akanyunyiza. Akachovya, akanyunyiza. Tuta hata tuta, kutoka kwenye gonjwa kwenda kwenye mazima, na wewe nyuma yake umebeba ndoo, unaitikia maombi. Uliugawa ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, kama padri anavyogawa maji ya baraka. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini wewe ulifukiza.

Shamba zima likawa njano. Na yule bwana, ili asirudishe ulichompa, akasema anayeua majani amekaa nyumbani juu ya mkeka.

Tukafika siku ya kutoa matanga. Watu walijaa uani, mbuzi amechinjwa, kahawa inazunguka. Nilioshwa, nikanyolewa, nikasimama katikati na kile kitambaa cheusi, nikingoja. Kwa desturi yenu dada wa marehemu ndiye anayemfunga mujane kikwembe kipya, kumrudisha kati ya watu. Ulitoka nacho ndani. Kilikuwa cha maua ya manjano, kizuri, nakiona hata sasa. Nilikuwa nimeshanyanyua mikono ili unifunge.

Hukunifunga. Uligeukia watu ukasema kwa sauti ya juu: "Batu yote musikie. Huyu mwanamuke ni mulozi. Alikula kaka yangu, sasa anakula majani. Muangalie mikono yake!"

Wakaangalia. Mikono yangu ilikuwa juu bado, na nyufa zake za udongo wa shamba lenu. Kikwembe ukakitupa chini. Mzee mmoja akasema nisilale tena kwenye ua ule. Tata Shabani, ulikuwa umekaa karibu na mlango, na kikombe cha kahawa mkononi. Ulikitazama kikombe kana kwamba kuna kitu kimeanguka ndani. Soma, tata, usikohoe.

Nilitoka na sanduku langu la bati. Safari hii hakuna aliyenibebea.

Hujui mtu anaishije na jina lile, au labda sasa unajua kidogo. Sokoni, nikikaribia, mama walikuwa wanafunika mabeseni yao. Kuna mtoto alinunua chumvi kwangu, mama yake akaja mbio kuirudisha, ameishika kwa ncha za vidole. Siku za salongo, tunapofagia barabara za mtaa, hakuna aliyetaka kushika mpini niliotoka kuuweka chini. Nilikuchukia, Mwadi. Nilikula chuki asubuhi na jioni, nayo ikanishibisha kuliko sahani ya bukari. Kuna waliokuja kuniambia samehe, Mungu atalipa. Nikawauliza, na mimi nitakuwepo akilipa? Maana nilitaka kuona.

Nikaona. Mwenye shamba mmoja ng'ambo ya mto alinipa ukanda mwembamba mlimani, pale ambapo hakuna aliyetaka kulima kwa sababu ya upepo. Upepo njo niliokuwa nautaka! Unakausha majani. Nikapanda lengalenga kwanza, halafu epinari, mbalimbali, mmea na mwenzake wasigusane. Na kutoka kule juu nilikuwa naliona shamba lako lote kama liko kwenye sahani.

Nilikuona unayafukia yale majani magonjwa ardhini, eti mbolea. Sikukupigia kelele. Baridi ya mwaka uliofuata ukapanda palepale, mbegu zimebanana kama abiria. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa juu ya ndoo yangu nakula muhogo, nikatazama, nikaona kona ya mtoni inaanza kugeuka njano. Nikaacha kutafuna. Nilifurahi. Sitafuti neno jingine la kupamba. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Ukamwita tena yule bwana mwenye mizizi. Lakini sasa mimi, mulozi wa kwanza, nilikuwa sipo kwenye mkeka, na ilibidi apate mwingine. Mwanamke aliyebaki kugusa majani yale alikuwa mmoja tu, naye ni wewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Nilisikia jinsi shangazi zako walewale walivyoanza kukukagua mikono. Nilisikia ulivyopanda treni ya Dilolo na fungu moja la nguo. Mama wa Dilolo, hamkuambiwa hili, sivyo? Basi sasa mmeambiwa. Hapa Kolwezi mpaka leo wanasema Mwadi njo alikuwa mulozi, na wakinitazama nithibitishe, mimi naendelea kumwagilia. Sijawahi kumkatalia mtu.

Joto la Septemba lilipokuja nilivuka mto nikaingia kwenye shamba lile lililoachwa. Hakuna mtu aliyeniambia miguu yangu ina baridi. Epinari zako zilizobaki zilikuwa zimerefuka, zimetoa maua, zimefunga mbegu, na ukungu juu yake. Unajua ugonjwa huu haufi na jani. Unaingia kwenye mbegu, unalala humo, unaamka mbegu ikiamka. Mkulima yeyote mwenye akili angewasha moto. Mimi nilitandika kitambaa, nikavuna. Nikazikausha vizuri, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikaliweka juu ya kabati. Sikujua nangoja nini. Nilijua tu kwamba nangoja.

Na wewe ukaniomba mbegu.

Leo mambo yangu si mabaya. Kamio ya kantini inasimama upande wangu wa mto. Mama walewale waliofunika mabeseni sasa wanakuja kuniuliza kwa nini majani yao yana doa, nami nawaonyesha, ingawa sijasahau sura hata moja. Lakini kuna kitu kimoja nataka ukisikie vizuri. Nikiwa nimepiga magoti, nikageuza jani nikakuta lile jivu, mdomo wangu bado unafunguka kukuita. Miaka yote hii! Nanyanyua kichwa, na ng'ambo ya tuta hakuna mtu. Jina la mulozi ningeweza kulisamehe siku moja, pengine. Hilo sitakusamehe.

Sasa mbegu. Tata Shabani ana vifuko viwili vya kitambaa, kimoja kimefungwa kwa uzi mweupe, kingine kwa uzi mwekundu. Kimoja ni mbegu za shamba langu, nilizozichagua kutoka mimea ambayo haijawahi kuugua. Kingine ni zile za kopo la maziwa. Kipi ni kipi, anajua yeye na mimi. Alikataa kuvibeba mwanzoni, akaniambia, "Mama, haya haiko mambo ya Mungu." Nikamjibu, "Tata, siku ile Mungu alikuwepo, na weye ulikuwepo, na hakuna aliyesema kitu." Akanyoosha mkono akavichukua.

Utasimama, Mwadi. Hapo sokoni, sasa hivi, barua ikiisha. Utanyanyua mikono yako juu kama nilivyonyanyua yangu, watu waione, na utasema kwa sauti uliyokuwa nayo siku ile, si kwa kunong'ona: "Mulamu yangu haiko mulozi. Majani niliyaua mi." Ukisema hivyo, Tata Shabani atakupa mbegu za shamba langu. Ukikataa, au ukitafuna maneno, atakupa zile nyingine, na hatakuambia.

Kwa macho hutazitofautisha. Zote zitaota. Zote zitakuwa kijani kizuri siku za kwanza, na watu wa reli watakuja kuuliza ziko tayari lini.

Unajiuliza, hata nikisema, nitajuaje kwamba amenipa zilizo safi? Hutajua. Mimi nasema nitatimiza, lakini mimi ni nani kwako, si yule mulozi? Kwa hiyo utamwagilia asubuhi, kwenye mizizi, na jioni arozwari hutaigusa. Utapanda mbalimbali. Kila kukicha utapiga magoti kwenye tuta na kugeuza jani baada ya jani, unatafuta lile jivu, na hata usipolipata hutaamini, utarudi kesho yake ugeuze tena. Utainama hivyo msimu mzima, mulamu, na ng'ambo ya tuta hapatakuwa na mtu wa kumwita dokita.

Simama sasa. Watu wanaangalia mikono yako.

Ni mimi, mulamu wako, mujane wa kaka yako, ambaye kikwembe chake hukukifunga.